Siku Lenzi Ilipokwama Dagahaley

Aliyenirudisha kazini ni Hamdi, mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo hapa Garissa. Alikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri pamoja na wenzake, kila mmoja na kamera ndogo mkononi, zile za dijitali za kutia mfukoni ambazo nilidhani zimeshazikwa zote. Wakaniambia siku hizi ndizo zinazotafutwa. Picha ya simu imesafishwa mno, walisema, uso unatoka laini kama wa sanamu ya duka la nguo. Wao wanataka ile picha ya zamani yenye flashi kali. Mmoja alikuwa ameiokota kwenye kabati la mama yake, mwingine ameinunua sokoni kwa mtu ambaye hata hakujua inawashwa wapi. Na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi.

"Eddo," Hamdi akaniambia, maana kwetu Wasomali shangazi ni eddo, "nimeshawaambia hawa kwamba wewe unaweza."

Ni kweli, naweza. Duka nimelifunga zamani, lakini mikono haijasahau. Kabla ya magharibi zilikuwa zimeamka zote isipokuwa moja, na mwenye hiyo nilimshauri aiweke juu ya rafu iwe pambo. Walifurahi sana, wakaanza kupigana picha palepale uani kwangu. Walipoondoka nikaona afadhali niandike ninayoyajua, maana wenzao watakuja, na mimi sitakuwepo uani kila siku.

Mimi ni Rukiya. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mpiga picha wa harusi za wanawake, kuanzia hapa Garissa mpaka Mandera, na fundi wa kamera ndogo kwa sababu kazi ya kwanza ilinilazimisha kujua ya pili. Harusi zetu mnazijua. Wanawake hukaa upande wao, mitandio huvuliwa, dhahabu hutoka sandukuni, na buraanbur huchezwa mpaka vumbi liinuke: mmoja anamsifu bibi harusi kwa mashairi, wengine wanapiga makofi na kuruka katikati. Mwanamume haingii. Kwa hiyo mpiga picha ni lazima awe mwanamke, na wakati wangu mwanamke mwenye kazi hiyo ilibidi umtafute sana. Sasa, kamera ikiharibika, utaipeleka wapi? Mafundi wa mjini walikuwa wanaume, na ndani ya ile kamera kuna nywele na nyuso za wake na binti za watu. Kina mama walinipa amana. Nikaamua kwamba kamera iliyobeba amana ile haitashikwa na fundi mwingine ila mimi.

Aliyenifundisha ni Mutinda, Mkamba aliyekuja Garissa akiwa kijana na kuzeekea hapahapa, akitengeneza redio kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko. Nilimwendea na kamera tupu, nikamwambia sitaki kutengenezewa, nataka kufundishwa. Akasogeza redio pembeni, akauliza, "Imekula nini?"

Nilidhani ananichezea. Kumbe ndivyo alivyouliza kila kifaa kilichofika mbele yake. Jana ilikuwa wapi? Nani aliishika? Ilianguka? Ililoa? Iliachwa ndani ya gari juani? Alikuwa haigusi kamera mpaka amalize maswali, na mara nyingi mwenye kamera alijikuta anautaja ugonjwa mwenyewe kabla ya kufika mwisho. Bisibisi aliniwekea mbali. Alinikatalia bisibisi kwa muda mrefu hata nikamchukia. Alitaka nimalize kwanza kila kitu kinachoweza kufanywa bila kufungua: betri, kadi, vitufe, lenzi. Leo nikiona kijana anafungua kamera kwa kisu cha jikoni kwa sababu haiwaki, namsikia Mutinda akiguna.

Jambo moja tu hakufaulu kunifundisha. Mdomo wangu haukuzoea herufi ya p. Alikuwa akiniambia, sema picha, nami nasema nimeshasema, bicha. Akasema basi, bicha zako ni nzuri kuliko picha za watu wengi. Mpaka leo naandika picha na kusema bicha, na sioni haya.

Sasa sikilizeni. Kamera ikikataa kuwaka, anzeni na betri, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni mpya. Betri za kawaida za dukani zinaweza kuwasha tochi wiki nzima, lakini kamera inazimaliza kabla bibi harusi hajaingia. Tafuteni zile za kuchaji. Halafu chungulieni ndani muone vile vibati vidogo vinavyogusana na betri. Joto la hapa na jasho la mikono huvitia kutu ya kijani. Chukueni kifutio cha penseli, mvifute polepole, mpanguse kwa kitambaa kikavu. Kamera ya Hamdi ilikuwa na hilo tu, na yeye alikuwa ameshaitangazia msiba.

Kuna mfanyabiashara wa ngamia kutoka Kutulo aliyenijia dukani amefura kwa hasira. Alikuwa na kamera ndogo ya kupigia ngamia wake picha ili wanunuzi wa Garissa wawaone kabla hawajasafirishwa. Kioo kilikuwa kinamwambia kadi imefungwa. Alitaka kujua imefungwa na nani, na tayari alikuwa na jibu: ndugu yake, ambaye walikosana juu ya kisima, ameweka namba ya siri ili kumharibia biashara. Nilitoa kadi nikamwonyesha kile kijiti kidogo cha pembeni. Kikishuka, kadi haipokei picha. Huenda kilishuka chenyewe wakati kadi inatiwa. Nikakipandisha kwa ukucha, nikarudisha kadi, nikampiga yeye mwenyewe picha akiwa na ule uso wa hasira. Aliomba nimwonyeshe kijiti mara nyingine. Kisha akatoka nje, akampigia ndugu yake simu, wakaongea mpaka sauti yake ikalainika. Nilijiona nimetengeneza vitu viwili siku ile.

Na kuna mama mmoja wa hapa mjini aliyerudisha picha zote za harusi ya binti yake kwa sababu zilikuwa na majini. Alizitandaza mezani kwangu. Juu ya vichwa vya watu palikuwa na viduara vyeupe, vingine vikubwa, vingine vidogo, vinaelea. Alikuwa ameshamwita sheikh asome nyumbani, na binti alikuwa analia kwa mumewe. Sikumcheka. Nilimwomba anifuate uani, nikachukua mkeka, nikaukung'uta, nikapiga picha kwa flashi katikati ya vumbi lile. Nikamwonyesha kwenye kioo: majini yaleyale, mengi zaidi ya yale ya harusini. Kwenye kamera ndogo flashi imekaa jirani sana na lenzi, kwa hiyo inaangaza kila punje ya vumbi iliyo mbele yake, na wanawake wakicheza buraanbur kwenye uwanja wa mchanga, punje hazikosekani. Moshi wa uunsi nao, huo ubani wetu, hufanya picha nzima iwe na utando. Dawa yake ni kuzima flashi, kusogea penye mwanga, na kushusha pumzi huku viwiko vimebana mbavuni ili mkono usitikisike. Mama yule akaniambia kwamba sheikh ameshasoma, na kisomo hakiharibiki. Nikamjibu hakika hakiharibiki.

Lakini siku ninayotaka mwijue zaidi ni ya Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi.

Nilialikwa kumpiga picha msichana aitwaye Sahra. Aliolewa kambini, kwenye vitalu vya upande wa kaskazini, na familia ya mumewe ilikuwa imeshapata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, naye jina lake limeongezwa kwao. Safari ilikuwa imekaribia, wiki ileile. Sahra hakuwa na mama. Alilelewa na bibi yake, Ayeeyo Dahabo, na ayeeyo hakuwa kwenye safari ile. Alikuwa anabaki na binti yake mwingine. Kila mtu pale alijua kwamba wawili wale wanaagana, ila hakuna aliyesema.

Sahra alinivuta pembeni nilipofika. Alisema picha za harusi nizipige nitakavyo, lakini kuna moja anayoitaka kuliko zote, yeye na ayeeyo. Akaniambia pia kwamba ayeeyo hajawahi kukubali kupigwa picha tangu wafike kambini, na kwamba yeye amemwomba mpaka amechoka.

Nilimwendea ayeeyo, amekaa kwenye mlango wa aqal yake, kile kibanda cha mviringo cha vijiti na mikeka. Nikamsalimia, nikamuuliza. Alinijibu bila ukali. Alisema alipovuka mpaka na watoto, amebeba kile tu kilichokuwa mgongoni, watu walikuja na kamera kubwa wakampiga picha kwenye foleni, ana njaa, nguo zimechanika. Hakuna aliyemuuliza. Picha ile iko mahali fulani duniani, alisema, na watu wanaitazama na kumhurumia, na yeye hawajui. Hataki nyingine.

Nilishusha kamera. Nikamwambia nimesikia, na nikaenda kazini. Siku nzima nilipita mbele ya mlango ule nikiwafuata wachezaji, na kila nilipomwona yuko ndani ya fremu niligeuka upande mwingine. Ilikuwa kazi ngumu, maana alikuwa na uso ambao mpiga picha huusubiri miaka.

Ilikuwa majira ya jilaal, kiangazi chenyewe, na upepo ulikuwa unarusha mchanga mwembamba kama unga. Jua lilipoanza kulegea nikamwona Sahra amemaliza kucheza, ameenda kukaa chini miguuni pa bibi yake. Ayeeyo akaninyooshea mkono.

"Nimekuangalia mchana kutwa," alisema. "Nilikataa na hukuniibia. Basi piga."

Nikawasha kamera. Lenzi ikatoka nusu, ikasaga meno, ikasimama. Kioo kikaandika kwamba kuna hitilafu ya lenzi, kikazimika.

Enyi wanangu, nimeshatengeneza kamera nyingi, lakini sikuwahi kutengeneza mbele ya mtu aliyekuwa akibadilisha neno lake la miaka yote, na anaweza kulirudisha akiona tu nimechelewa. Wanawake walitukusanyikia. Mmoja akashauri niisukume lenzi kwa kidole. Mwingine akasema tutie tone la mafuta ya ufuta, kama wanavyofanya kwa bawaba ya mlango. Yote mawili yanaua kamera. Ukisukuma unavunja meno ya plastiki yaliyo ndani, na mafuta yanaushika mchanga uwe simenti.

Niliuliza lile swali la Mutinda, safari hii nikijiuliza mwenyewe. Imekula nini? Imekula mchanga. Mchana kutwa nimetembea nayo lenzi ikiwa wazi. Basi nikaketi mkekani karibu na ayeeyo, mgongo nikaupa upepo, nikajifunika shali mimi na kamera pamoja. Nikatoa betri ili isiendelee kulazimisha. Nikaigeuza lenzi itazame chini. Kwenye mkoba wangu sikukosa kile kipira cha mpira wanachouza duka la dawa kwa kunyonya makamasi ya watoto wachanga. Kwa fundi wa kamera ni mali, kwa sababu kinapuliza hewa kavu, wakati mdomo unapuliza mate. Nikapuliza kuizunguka lenzi, pale ambapo mirija yake inaingiliana. Nikaigonga kamera taratibu kwenye kiganja. Nikachukua kipande cha karatasi nyembamba nikakipitisha kwenye ule mwanya, nikakizungusha, nikapuliza tena. Mchanga ulikuwa unadondoka kwenye sketi yangu, nilikuwa nauona.

Ayeeyo alikuwa anachungulia chini ya shali. Akauliza kama mashine yangu ni mgonjwa. Nikamwambia imekula mchanga. Akasema hata yeye umekuwa ukimsumbua tangu afike hapa, na hakuna aliyempulizia. Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka.

Nikatia betri zilizokuwa zimejaa chaji, maana betri dhaifu haina nguvu ya kuisukuma lenzi hata iliyo safi. Nikaiwasha ikiwa bado inatazama chini. Ikasaga kidogo. Nikazima, nikapuliza, nikawasha tena. Safari hii ikatoka yote, laini, mpaka mwisho.

Sahra aliegemeza kichwa kwenye goti la bibi yake. Ayeeyo akaweka mkono juu ya kichwa kile, akanitazama moja kwa moja. Nikabonyeza nusu, nikasubiri kile kiboksi cha kijani kitulie usoni mwake, nikabonyeza chini. Nikampelekea aone. Aliisogeza karibu na macho, akasema tu, "Huyu namjua."

Nililala kwa shangazi yake Sahra nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi Sahra akanijia na uso umemshuka. Alikuwa ameichukua kamera alfajiri ili azitazame tena picha. Alipomaliza aliichomoa kadi kwenda nayo kwenye duka dogo lenye kompyuta, na aliichomoa huku kitaa chekundu cha kamera bado kinawaka na kuzimika. Kitaa kile kikiwa kinapepesa maana yake kamera bado inasoma au inaandika kwenye kadi. Ukiitoa kadi wakati ule ni kama kumnyang'anya karani karatasi kalamu ikiwa juu yake. Kompyuta ikasema kadi haisomeki. Akaikimbiza kurudi kwenye kamera, na kamera nayo ikasema kadi ina kosa, ikamuuliza kama anataka kuifomati. Alikuwa ameishika hivyo, kidole juu ya kitufe, anadhani kufomati ni kutengeneza, kumbe ni kufuta.

"Usibonyeze," nikamwambia. "Nipe hivyohivyo."

Shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Kadi ikigoma, isimamisheni hapohapo. Msipige nayo picha nyingine, msiifomati, msiirudishe tena na tena kwenye kila mashine mnayoiona. Mara nyingi picha bado zimo. Kilichopotea ni ile orodha inayoiambia kamera picha gani iko wapi. Ukipiga nyingine juu yake, ndipo unazifuta kweli.

Sahra hakuwa na ruhusa ya kutoka kambini, na hata angekuwa nayo, muda wa kuzungukia ofisi haukuwepo. Alinitazama bila kulaumu, akijilaumu mwenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimwambia nakwenda Garissa na nitarudi kabla hajapanda basi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Moyoni nilikuwa nahesabu barabara.

Garissa nilikwenda moja kwa moja kwa Abdinoor, kijana aliyekuwa na saiba, duka la intaneti, karibu na soko, fundi hasa wa kompyuta. Alikuwa na programu ya kufufua picha, mimi sikuwa nayo. Ila nilimweleza ndani ya kadi kuna nini, kwamba ni wanawake wa harusi, bila mitandio. Aliichomeka kadi, akatengeneza kwanza nakala yake nzima ili tufanye kazi kwenye nakala na kadi yenyewe ipumzike, jambo ambalo nawasihi nanyi mlifanye. Kisha akanionyesha pa kubonyeza na nini cha kungoja, akageuza kiti chake, akaniachia mgongo, akawa anaangalia barabara. Kila nilipokwama nilimsomea kilichoandikwa, naye akanijibu bila kugeuka. Wateja wakija aliwapokea mlangoni. Nimefanya kazi na watu wengi, na heshima ile sijaisahau.

Stima ilikatika katikati. Tulikaa gizani kama watu wa msibani, feni za dari zimesimama, jasho linatutiririka. Iliporudi tukaanza upya. Picha zikaanza kujitokeza moja moja: bibi harusi, mabinti wanacheza, sinia la halwa, mtoto analia. Nilizihesabu kwa nyuso, si kwa namba. Ayeeyo hakuwemo. Nikamwambia Abdinoor kwamba yule bibi wa picha ya mwisho hayumo. Akaniambia iliyopigwa mwisho ndiyo iliyo hatarini zaidi, ningoje mpaka mstari ule ufike mwisho kabisa.

Ikatoka. Sehemu ya chini ilikuwa ya kijivu, imekatika, miguu na mkeka havionekani. Lakini uso wa ayeeyo ulikuwepo wote, na mkono, na kichwa cha Sahra chini ya mkono. Nililia mbele ya kompyuta ya watu. Abdinoor akauliza, bado amenipa mgongo, "Amekuja?" Nikamwambia amekuja.

Nilikata ile sehemu ya kijivu, nikachapisha picha siku ileile, kubwa mbili na ndogo kadhaa, na nyingine zote nikazitia kwenye kadi mpya. Nilifika Dagahaley kundi la wasafiri likiwa limeshaanza kukusanyika na mabegi. Sahra aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akaifunga ndani ya shali, akaificha kifuani kabla hajanishukuru. Nyingine nilimpa ayeeyo. Basi lilipoondoka watu walilia kwa sauti. Yeye alisimama na picha yake mkononi mpaka vumbi likatua, na hakuna aliyethubutu kumshika bega.

Nilidhani hadithi yangu na ayeeyo imeishia pale. Haikuishia. Sikukuu iliyofuata nikaletewa salamu na dereva kwamba Ayeeyo Dahabo anauliza mpiga picha wake yuko wapi. Nikaenda. Nilimkuta amevaa guntiino mpya, lile vazi la kufungwa begani, amejipaka hina, amefukiza uunsi, na jirani zake wote wameambiwa wasipite mbele. Alitaka Sahra amwone anavyoonekana, si anavyokumbukwa. Tangu hapo nilikuwa naenda karibu kila sikukuu, na picha zikawa zinasafiri kwenda kule kwa Sahra. Ayeeyo alijifunza upande wake mzuri ni upi. Alijifunza kunikosoa: jua liko nyuma yangu au mbele yangu, Rukiya? Mwanamke aliyekuwa hataki kamera imwone akawa ananiambia sijabana viwiko.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mdogo kitandani, sauti imepungua. Nilimpiga picha kama kawaida. Kisha akaomba kamera. Nikamshikisha, nikamwonyesha kitufe, akaniamuru nikae pale mlangoni pa aqal, kwenye nafasi yake. Nikakaa. Alinitazama kupitia kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote, akabonyeza.

Nimewapiga picha wanawake wa nchi hii yote ya kaskazini, lakini picha yangu mimi, nikiwa na mkoba wangu wa kazi begani na mavumbi ya safari kwenye viatu, ni hiyo moja. Imetundikwa sebuleni, Hamdi na wenzake waliiona. Imekaa upande, na pembeni yake kuna kivuli kikubwa chekundu, kidole cha ayeeyo kimeziba lenzi. Mmoja wao aliniambia kwa adabu kwamba siku hizi kuna programu ya kuondoa kitu kama hicho kwa dakika moja.

Nilimwambia najua. Kuna kasoro ambazo fundi anaziacha.